Nyumba ya Juu Ndiyo Huanza

Siku aliyoondoka, mume wangu alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja tu. Alikuwa kwa kinyozi, nyumba inayofuata yetu ukishuka uchochoro, amekaa kwenye kiti nje ya mlango, shuka shingoni, povu shavuni, akibishana habari za mpira. Mimi nilikuwa nyumbani nashona sare za shule. Nikamwona anapanda mbio, shuka inapepea nyuma yake, nikacheka. Nilidhani kinyozi amechoka kubishana naye amemfukuza.

"Nimesikia harufu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniinua kwenye cherehani. Mume wangu watu walimwita Kipaza. Hata akikuomba chumvi, mtaa mzima ulijua chakula chetu hakijakolea.

Akazunguka nyuma ya nyumba, akakitazama kilima. Akarudi. "Chukua mkoba, shuka uwanjani. Usifunge dirisha, usifanye lolote, shuka."

Nikashuka. Nyuma yangu nilimsikia akigonga milango kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, akiita watu kwa majina yao na wengine kwa matusi. Nyumba yetu ni ya mwisho kabisa juu, baada yake ni nyasi na miti hadi kileleni, kwa hiyo miaka yote yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona moshi na wa kwanza kugonga. Alipomaliza mlango wa mwisho alipaswa kuja uwanjani tulipokuwa. Badala yake alirudi juu na wanaume wengine, wamebeba magunia yaliyoloweshwa maji. Upepo ukageuka. Wenzake walikimbia kushoto, yeye akakimbia kulia.

Walimkuta amekaa, ameegemea jiwe. Moto haukumgusa, moshi ndio uliomchukua. Kabla ya kuzikwa, kinyozi aliomba aingie peke yake amalizie upande wa pili wa ndevu. Akamaliza, akamfuta uso, akatoka bila kunitazama. Tangu siku ile hakukanyaga kwangu.

Wengine walikuja, kisha wakapungua, kama inavyokuwa. Sikuwalaumu, mtu ana watoto wake na kazi zake. Mimi niliendelea kushona. Jambo ambalo sikulitegemea ni sauti. Ukiishi na mtu anayepiga kelele unajifunza kunong'ona, na ukibaki peke yako hata mnong'ono huna wa kumpa. Siku moja mteja alikuja kuchukua sketi ya mwanawe, nikafungua kinywa kumkaribisha, ikatoka sauti kama ya chura. Ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimezungumza na mtu tangu nilipokwenda sokoni, na sokoni kwenyewe nilinyoosha kidole tu.

Mvua zilipokwisha, akaja afisa wa serikali. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vyake vimejaa vumbi, kwapani amebana karatasi kubwa iliyokunjwa. Watoto wakamwita Bibi Ramani, na sisi watu wazima tukafuata. Alituita kwenye darasa la shule akatueleza kwamba serikali imetenga ruzuku kwa sehemu kama yetu, zilizo karibu na nyasi na msitu, ambazo kila kiangazi zinaweza kuungua. Kwa ruzuku hiyo tungefyeka ukanda mpana juu ya nyumba, moto ukifika pale ukose cha kula. Tungepata tangi la maji, mabomba ya kubeba mgongoni, na mafunzo. Lakini kwanza lazima tuwe na mpango, na mpango lazima ujaribiwe mbele yake. Mpango ukishindwa, ruzuku inakwenda kwa walio tayari.

"Mpango wetu sisi ni miguu," akasema kinyozi.

"Miguu yako wewe," akajibu Mama Pacha, anayekaa nyumba inayofuata ya kinyozi. "Mimi nina wawili wa kubeba, na baba yao ni wa tatu."

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, nikaona Bibi Ramani ananitazama. Nadhani alikuwa ameambiwa mimi ni nani.

Tukachora uchochoro wetu kwenye ile karatasi, kila nyumba kisanduku chake. Tukakubaliana mnyororo: kila nyumba inagonga nyumba iliyo chini yake, inahakikisha wametoka, kisha wote wanashuka hadi uwanjani. Mtu asitoke na kuzurura kutafuta ndugu. Anayegongwa anatoka, anagonga, anashuka, basi.

Mwenyekiti wa mtaa akaweka kalamu kwenye kisanduku cha juu kabisa. "Nyumba ya juu ndiyo itaanza, kama kawaida. Kule kilima chote kinaonekana."

Wote wakaitikia. Na mimi niliitikia. Kwangu "kama kawaida" ilikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ilikuwa na ndevu na kiganja kikubwa. Nyumba ya juu ilikuwa yeye. Mimi nilikuwa mtu wa ndani, ninayeambiwa chukua mkoba.

Bibi Ramani alisema siku ya jaribio atawasha majani mabichi mahali salama kilimani ili utoke moshi bila moto mkubwa, halafu atatungoja uwanjani na mwenyekiti. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilioga mapema, nikavaa viatu vya kufunga, nikaweka mkoba mlangoni. Ndani nilitia kitambulisho, dawa zangu za presha, nguo ya kubadili na picha yake.

Moshi ukatoka. Niliuona kupitia dirisha la nyuma, mweupe, mzito, unapanda polepole. Ulikuwa moshi wa kwanza kuuona pale tangu ule mwingine. Nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, nikangoja kugongewa.

Chini uchochoroni redio ya kinyozi ilikuwa inaimba. Mama Pacha alikuwa anafua, nikasikia nguo zinapigwa kwenye jiwe. Nikajiuliza mbona watu hawana haraka. Nikasema labda wanakuja. Nikaweka nywele sawa. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukaisha. Nilikuwa bado nimekaa.

Kisha nikasikia hatua za watu wengi wanapanda, na hodi ya mwenyekiti, hodi ya hasira.

"Mama, uliona moshi?" akauliza Bibi Ramani. Alikuwa anahema.

"Niliuona."

"Sasa?"

"Nilikuwa nangoja kugongewa."

"Kugongewa na nani?"

Nilitazama nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa pale, na Mama Pacha mikono imejaa povu la sabuni, na mbali kidogo kinyozi, amesimama kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

"Tumesimama uwanjani kama milingoti," mwenyekiti akasema. "Hajatokea hata kuku. Nyumba ya juu haikugonga, kwa hiyo kinyozi hakugonga, kwa hiyo hakuna aliyegonga. Watu wazima na akili zenu!"

"Kumbe tungeungua wote kwa adabu," akasema Mama Pacha. "Kila mtu kakaa kwake anasubiri aalikwe." Kisha akaniona uso, akajifuta mikono kwenye kanga. "Samahani dada. Mdomo wangu huu."

"Na mimi nani ananigongea?" nikauliza. Sikuwa nabishana. Nilitaka kujua.

Bibi Ramani akaikunjua ramani, ingawa nadhani hakuhitaji kuitazama. "Hakuna, mama. Juu yako hakuna nyumba."

"Nitapanda mimi," akasema kinyozi. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu msibani. "Nikiona moshi nitapanda nimgongee shemeji, kisha tutashuka pamoja."

"Kwako moshi huuoni, kaka," akasema Bibi Ramani. "Kona imekuziba. Na hata ungeuona, jambo la kwanza mliloandika wenyewe ni lipi? Mtu hapandi kuelekea moto. Kwa sababu yoyote ile."

Hakuna aliyeuliza kwa nini waliliandika la kwanza.

Bibi Ramani akasema atatupa Jumamosi moja zaidi, baada ya hapo hana la kufanya. Waliposhuka, mwenyekiti alibaki nyuma. Alinung'unika, akakohoa, akasema bila ubaya kwamba mwanangu ana nyumba nzuri kule mjini, na kwamba nikienda kwake, kamati ya mtaa inaweza kumweka kijana mmoja humu ndani awe mlinzi wa kilima. "Hakuna anayekufukuza, mama. Lakini huyo wa juu akikosea, tumekwisha wote."

Jioni nilimpigia mwanangu simu. "Si ndicho ninachokuambia kila siku?" akasema. "Hama, mama. Chumba kipo." Chumba kipo kweli, najua. Nimeshawahi kulala humo. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na asubuhi kila mtu anakwenda kazini na kukuachia televisheni. Nikamwambia nitafikiri.

Nilifikiri wiki nzima. Nilikunja nguo nikazikunjua. Nikajiambia, nikiondoka, ataingia kijana, ataning'iniza suruali zake pale mume wangu alipotundika koti lake, na uchochoro utakuwa salama. Nikibaki, watu mia watamtegemea mwanamke aliyekaa na mkoba mapajani huku moshi unapanda. Hilo la pili liliniogopesha kuliko chumba cha kutazama ukuta.

Siku moja kabla ya jaribio, kinyozi akaja. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti akizungusha kofia.

"Shemeji, nilidhani hutaki kuniona."

"Kwa nini nisitake?"

"Nilikuwa nimeshika wembe. Nilikuwa nimemshika kidevu kabisa. Ningesema tulia kidogo, nimalize, hata dakika mbili..."

"Ungemkata."

Akanitazama. "Ningemkata kweli. Alikuwa hatulii yule."

"Hatulii na hanyamazi."

Tulicheka, kisha tukaacha. Nilimletea kiti, akakaa palepale mlangoni. Nikamuuliza kama ni kweli mlango wake unasikika ukigongwa, redio ikiwa imewashwa. Akasema inategemea mgongaji.

"Nataka kuanza mimi," nikamwambia. Nilikuwa sijalisema kabla ya hapo, hata kwa nafsi yangu.

"Basi usipige hodi ya wageni," akasema. "Gonga kama una madai."

Jumamosi moshi ulipotoka, nilikuwa nje tayari nyuma ya nyumba. Niliutazama kiasi cha kuhakikisha si ukungu. Sikuchukua mkoba, niliusahau. Nikashuka hadi kwa kinyozi nikagonga kwa vifundo vya vidole. Mlango ukafunguka kabla sijashusha mkono.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, ndiyo maana nimesikia. Siku ya moto nitakuwa nimelala. Rudia." Akanifungia.

Nikagonga kwa kiganja. Mbao zikalia, mkono ukaniuma hadi kwenye kiwiko. "Toka!" nikaita. Sauti ilikatika katikati. "Toka wewe, moto!"

"Hiyo sasa," akasema, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akavuka kwa Mama Pacha, Mama Pacha akatoka na pacha mmoja kila upande na mumewe nyuma akivaa shati, na kelele za milango zikashuka uchochoroni mbele yetu, moja baada ya nyingine, hadi zikafika nyumba zile ambazo sizioni kutoka kwangu.

Uwanjani Bibi Ramani alituhesabu nyumba kwa nyumba. Wengine walisimama kwa mafungu, mama na watoto, kaka na dada, wakitaniana nani kasahau viatu. Aliposema "nyumba ya juu," niliinua mkono. "Wangapi?" akauliza, kwa sababu ndivyo alivyowauliza wote. Nikasema, "Mmoja." Akaandika, akaendelea na kinyozi.

Mpango ukapita. Ruzuku ikaja kabla nyasi hazijakauka. Tangi limewekwa karibu na shule, mabomba yamegawiwa, na ukanda umefyekwa kuanzia bondeni hadi makaburini, ardhi tupu ya rangi ya udongo. Watu wengi walikuja kufyeka na kung'oa mizizi, na kwa siku hizo chache ua wangu ulikuwa na watu wa kunywa maji na kuacha vikombe popote. Kazi ilipokwisha, walishuka.

Mwenyekiti hakuzungumzia tena habari za kijana wa kulinda. Mwanangu bado anauliza, nami bado nasema nafikiri, ila siku hizi sifikiri sana. Kinyozi hupita Jumapili. Husimama mlangoni tukazungumza, na akichelewa najua kuna mpira.

Kiangazi kimeingia wiki hii. Asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani, na tena jua likianza kushuka, nazunguka nyuma ya nyumba na kukitazama kilima. Nikiona moshi nitagonga kwa kinyozi, naye atagonga kwa Mama Pacha. Kwangu hakuna anayegonga.