Mlango Ulioganda Jabal Shams

Muhsina hakupenda baridi, na mumewe alilijua hilo tangu siku za uchumba. Hata hivyo Bakhit, alipostaafu wizarani, alikodi karavani kule Ansab, gari zima lenye vitanda, jiko na choo, akaja nalo mpaka nyumbani kwao Hail, akipiga honi kama bwana harusi.

"Mama Yazan, twende Jabal Shams! Tukaone baridi ya kweli bila ya kwenda Ulaya."

"Baridi nnayo kwenye friji," akajibu Muhsina. Lakini alipanda, na mablanketi yote ya nyumba.

Huko mlimani walilala na soksi juu ya soksi. Kulipokucha, mfereji haukutoa hata tone. Maji ya chupa yakawatosha udhu, na yaliyobaki Muhsina akainjikia chai ya tangawizi. Bakhit akataka kutoka kutazama mabomba. Akausukuma mlango, haukutikisika. Mvuke wa pumzi zao ulikuwa umeganda kwenye mpira wa mlango na kuushika kama gundi.

"Usijali, ntatokea dirishani," akasema.

"Na tumbo hilo?"

Kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likakataa. Bakhit akaning'inia, nusu yuko Jabal Shams, nusu yuko jikoni, akipiga mateke.

"Nisukume, mwanamke, masikio yanakatika!"

Muhsina alikuwa hana nguvu kwa kucheka. Akaegemeza mgongo wake kwenye makalio ya mumewe, akasema bismillahi, akasukuma. Kishindo kikasikika nje.

"Baba Yazan! U mzima?"

"Mzima. Nipe birika!"

Akampitishia chai dirishani kwa uchungu mkubwa, naye akaimimina yote pembezoni mwa mlango mpaka ukafunguka.

Muhsina akatoka amejitanda blanketi. Vichaka vyote vilikuwa vyeupe. Ndoo waliyoisahau nje ilikuwa barafu tupu. Akaipigapiga, akavunja kipande, akakitia mdomoni kama mtoto. Akapuliza pumzi, akautazama moshi wake ukipaa, akapuliza tena.

"Haya, tufungashe turudi Hail," Bakhit akasema, meno yakigongana. "Nimekoma."

"Turudi wapi?" Muhsina akakaa juu ya jiwe, barafu mkononi. "Mimi leo nalala hapa hapa. Wewe kama unaona baridi, ingia ndani ukajifunike."