Komeo la Mlango wa Bafuni

Haki ya nani, haya ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje, misumeno yangu yote iote kutu. Mwaka mmoja nilitengeneza mlango wa bafu la mdogo wangu mara nne. Ulivunjwa na fahali!

Ndivyo nilivyowaambia wanafunzi wa binti yangu. Siku hiyo alikuwa akiwafundisha kwa nini wanawake hupigwa majumbani. Ubaoni kaandika SABABU. Aliniomba, mimi seremala mstaafu, niwasimulie ya zamani. Nikaona watoto wamenuna, nikawaletea fahali.

"Akapanda ngazi, akafuta kwato, akaomba taulo!"

Darasa likavunjika mbavu, isipokuwa msichana mmoja mrefu, wenzake humwita Rula.

"Babu, komeo lilikuwa upande gani?"

"Ndani, mjukuu wangu. Bafu hufungwa kwa ndani."

"Basi kuna mtu alijifungia."

Kicheko kikakatika. Miaka sabini sijawahi kuishiwa uongo. Siku hiyo uliniishia.

"Shemeji yangu," nikasema.

"Na fahali?"

"Mdogo wangu."

"Ulijua?"

"Mara ya pili niliona damu kwenye sinki. Lakini jamani, mambo ya mtu na mkewe! Nikaweka komeo nene zaidi."

"Huyo mama sasa yuko wapi?"

"Alimwacha mumewe. Mwanawe akaja kuniuliza kwa nini. Nikamwambia ni kiburi tu cha mama yake. Tangu hapo kijana hamsalimii mama yake."

Nikasikia chaki. Binti yangu alikuwa akiandika chini ya SABABU: *Fundi aliona damu, akatengeneza mlango.*

"Baba," akasema bila kugeuka, "kila ulipotoka kutengeneza mlango ule, uliniletea pipi kutoka nyumba ile."

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa shemeji.

"Nilijua," nikamwambia, hata kuketi sijaketi.

"Najua ulijua. Nilikuwa chumba cha pili, uso umevimba, nakusikia unapiga nyundo na mluzi."

Mluzi! Nikaomba radhi. Hakuipokea wala hakuikataa. Akanionyesha kwa kidole simu yangu mfukoni.

"Mimi nilishamwambia mwanangu, hakuniamini. Mwambie wewe."

Nikapiga.

"Baba mkubwa!" Sauti ya kijana ilijaa chumba. "Leo una kisa gani?"

Nikamwambia akae chini, na kwamba mama yake yuko hapa, anasikiliza kila neno.