Daktari wa Ghorofa ya Nne

Asubuhi foleni ya lifti ya Jumba la Jinfu, kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, ilitoka hadi nje ya mlango. Wachukuzi walisimama na vigari vyao vya matairi mawili, wenye maduka walishika vikombe vya maziwa ya soya, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Lubumbashi na Bamako walisukumana na viroba. Ndani ya lifti kulikuwa na vitufe vya ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano, na kuendelea juu. Ya nne haikuwapo. Kwa Kichina neno nne linakaribiana kwa matamshi na neno la kufa, na laoban, yule tajiri aliyejenga jumba lile, hakutaka kukosa wapangaji kwa sababu ya namba. Swalha, aliyeuza viatu vya kike ghorofa ya tatu, alimsikia kila siku Msabaha, wakala wa mizigo wa ghorofa ya tano, akiburuta makasha juu ya kichwa chake. Kati yao palikuwa na zege tu.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeagiza kila mtaa wa jiji upate mahali pa madaktari wa familia, ili watu wasikimbilie hospitali kubwa kwa kila kikohozi. Lilikuwa jambo jema na kila mtu alilisifu. Shida ilikuwa mahali penyewe. Mtaa ule wa Xiaobei ulikuwa umejaa biashara hata chini ya ngazi. Penye mlango palikuwa na mtu anauza jinzi. Bwana Ou wa ofisi ya afya, mtu mpole, aliyevaa soksi nyeupe kiangazi na kipupwe, alizunguka mpaka viatu vikamwuma. Mwishowe alimwomba laoban wa Jinfu atoe nafasi kwa ajili ya umma. Laoban alifikiri kidogo, akatoa ghorofa ya nne, yote. Bwana Ou alimshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaagiza kibao cha shaba.

Kibao kilipigiliwa chini, kando ya lifti: Kituo cha Madaktari wa Familia, Ghorofa ya Nne. Kesho yake alikuja daktari.

Jina lake lilikuwa Sun Guilan, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na sanduku la kijani lililobeba hadubini. Ujanani mkoa wake wa Shandong ulimtuma kufanya kazi katika hospitali ya Tabora, akakaa huko hadi akaanza kuota kwa Kiswahili. Alipanda hadi ghorofa ya tatu, akapanda hadi ya tano, akashuka tena. Kisha akasimama mbele ya duka la viatu.

"Hodi, mwanangu. Ghorofa ya nne iko wapi?"

"Karibu, mama. Meiyou," alisema Swalha. "Hakuna. Kuna ya tatu, halafu kuna ya tano."

"Nimepewa ufunguo wake."

Swalha aliutazama ufunguo. Ulikuwa ufunguo mzuri. Akamvutia daktari kigoda, akammiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa.

Daktari Sun alikwenda kumwona Bwana Ou. Alirudi mapema, akasimulia huku akivua koti.

"Anasema nafasi nimekwisha pewa. Nikamwambia haipo. Akaniuliza, kibao kipo? Nikasema kibao kipo. Akasema, basi."

Tangu hapo akawa anatibu kwenye kigoda kile, katikati ya viatu vya visigino virefu. Wachukuzi walifungua vifungo vya mashati mbele ya wateja, na wateja waligeuza nyuso zao upande wa ukuta kwa adabu. Aliyehitaji kulala alilazwa juu ya makasha ya viatu. Aliyehitaji faragha alikwenda kuitafuta nyumbani.

Mwezi wa sita Gharib, mume wa Swalha, alirudi kutoka Tanga alikokwenda kumzika shangazi yake. Baada ya siku chache alianza kutetemeka. Hoteli walimokaa ilimpima joto mlangoni, ikawatolea mabegi yao nje. Tangu ule ugonjwa wa mapafu wa miaka ya nyuma, mtu mwenye homa hakutakiwa popote mjini. Hospitali moja ilimtundikia dripu ya mafua ikamruhusu aondoke. Teksi tatu ziliwatazama zikaenda zake. Msabaha alimfunga Gharib kwenye kigari cha mizigo kwa kamba ya plastiki, akamsukuma juani mpaka Jinfu, huku Swalha akimfunika kwa khanga.

"Shemeji, tumpeleke ofisini kwangu," alisema Msabaha. "Tutandike makasha, apumzike kwanza."

Gharib hakuwajua tena. Alikuwa akimwita marehemu shangazi yake afungue dirisha.

Daktari Sun aliwakuta chini, akaingia nao kwenye lifti. Aliweka kiganja shingoni mwa Gharib, akamvuta kope chini, akasema, "Hii naijua. Hii ni malaria, na imepanda kichwani." Msabaha alibonyeza tano. Lifti ilipita ya pili, ikapita ya tatu, ikasimama. Milango ikafunguka.

Palikuwa na ukumbi mrefu wenye sakafu ya vigae vyeupe, mlango wa kioo wenye kufuli, na harufu ya spiriti. Madirisha yalitazama barabara ya juu kutoka kimo ambacho hakuna aliyewahi kusimama.

"Ndiyo hii," alisema Daktari Sun. Ufunguo uliingia bila kukwama.

Msabaha aliizuia milango ya lifti kwa goti ili isimbane Gharib mguu. Swalha alikuwa amekwisha tangulia kutafuta kitanda. Vitanda vilikuwapo, vimetandikwa. Daktari alimtoboa Gharib kidole, akatazama kwenye hadubini, akafungua sanduku lake na kutoa sindano. Swalha alikaa kando ya kitanda, akamshika mumewe mkono kwa nguvu hata kucha zikaacha alama.

"Usife, Gharib," alimwambia. "Sitaki kurudi Tanga na habari hiyo."

Alfajiri ya siku iliyofuata homa ilishuka. Jua lilipofika dirishani Gharib alifumbua macho, akatazama huku na huku, akauliza kama ile mizigo yake ya vikombe imepakiwa.

"Imepakiwa," alisema Msabaha, ambaye hakuwa ameigusa. Kisha akatoka ukumbini akalia, akajifuta uso kwa kofia yake.

Denise, aliyepika chakula cha nyumbani kwao Lubumbashi katika uchochoro wa nyuma, alimletea mgonjwa supu ya kuku. Lifti ilisimama, akaingia na sufuria.

"Docteur, minaleta supu. Mugonjwa iko wapi?"

"Weka hapo," alisema Daktari Sun. "Wewe kaa."

"Mie? Mie siko mugonjwa."

"Lifti hii haisimami kwa supu. Tangu lini una kiu, mama?"

Denise alifikiri. Alikuwa na kiu tangu mwaka juzi, na kidonda mguuni ambacho alidhani ni cha kiatu. Daktari alimpima sukari, akamsafisha kidonda, akamwambia kwamba angechelewa kidogo tu mguu ule ungekatwa. Denise aliutazama mguu wake kwa muda, akaupiga kofi dogo kama anayemwadhibu mtoto mtundu.

Habari zikaenea bila kutangazwa. Kwa mzima, lifti ilitoka ya tatu ikaenda ya tano kama ilivyojengwa. Kwa mgonjwa na anayemshika mkono, ilisimama. Wachukuzi wa Hunan na Sichuan walikuja, watu ambao jiji lilihitaji migongo yao lakini halikuwaandikisha kuwa wakazi. Walikuja wasichana wa viwandani wenye vifua vilivyojaa vumbi la pamba, na Wamali wenye presha. Alikuja pia Daktari Feng, kijana aliyepewa na ofisi ileile kituo kwenye ghala lililokwisha bomolewa, na ambaye kwa wasiwasi alikuwa amepata vidonda vya tumbo. Lifti ilisimama kwa ajili yake. Alipopona tumbo alibaki kufanya kazi, na ili lifti iendelee kumpandisha, Daktari Sun alimshika mkono mgonjwa wa kwanza wa kila siku na Feng akamshika mkono wa pili. Kadiri watu walivyozidi, ukumbi ulizidi kurefuka. Hakuna aliyeupima.

Kisha surua ikaingia kwenye mabweni ya wachukuzi. Watoto wao hawakuwa wamechanjwa, kwa kuwa hawakuwamo kwenye hesabu ya mtaa wowote. Lifti ilianza kusimama kwa ajili yao kabla hata vipele havijatoka, na Daktari Sun akajua. Msabaha aliacha mizigo ya wateja wake kwenye njia ya miguu, akasimama mlangoni mwa Jinfu kupanga foleni kwa Kichina chake cha sokoni. Wafanyabiashara wa glavu walitoa glavu. Gharib, akiwa bado mwembamba, alipandisha maji. Swalha alifunga duka, akajifunza kupima joto la mtoto bila kumwamsha. Denise alipika uji usiokoma. Mtaa mzima ulipumua kwa zamu, na hakufa mtoto hata mmoja.

Siku ambayo mtoto wa mwisho alishuka, barabara ilisimama. Wachukuzi walipiga vigari vyao kama ngoma, Wakongo wakaimba, mama mmoja wa Sichuan akapiga magoti mpaka Denise akamnyanyua na kucheza naye. Walimtundikia Daktari Sun bendera nyekundu ya hariri yenye maandishi ya dhahabu, kama wanavyofanya watu wa huko kwa daktari aliyewaponya. Swalha ndiye aliyeiagiza, na upande mmoja iliandikwa Kiswahili: Daktari Sun, tumepona. Daktari alivua miwani na kuishika mkononi, akawaangalia wote bila kuwaona vizuri.

Bwana Ou alikuja na wakubwa na wapiga picha. Wote walikuwa wazima, kwa sababu walipimwa kila mwaka katika hospitali nzuri, na lifti iliwapandisha ya tano na kuwashusha ya tatu. Walipiga picha mbele ya kibao. Daktari Sun alipoomba dawa na muuguzi, Bwana Ou alieleza kwa upole kwamba kituo ni cha wakazi, hao wengine si wakazi, kwa hiyo kituo hakijamtibu mtu bado.

Majira ya baridi Bwana Ou alirudi peke yake, amekunja mkono kifuani. Lifti ikasimama. Madaktari wawili walimlaza, wakamtibu moyo, wakamlinda mpaka rangi ikamrudia. Asubuhi alikaa kitandani akatazama ukumbi mpaka mwisho wake, au mpaka alipoweza kuona.

"Sasa umepaona," alisema Daktari Sun. "Tunataka chumba cha chini, chenye mlango wa barabarani. Kuna vikongwe wasiothubutu kupanda lifti. Na tunataka dawa."

"Daktari," alisema Bwana Ou, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, "hapa pana nafasi kuliko ofisini kwangu. Nitawaambia wakubwa hivyo."

Akawaambia. Kabla ya mwaka kwisha kila daktari wa familia mjini alikuwa amepewa mahali: ghorofa za nne, za kumi na tatu na za kumi na nne za majumba yasiyokuwa nazo. Chumba kimoja cha chini kando ya Jinfu, chenye bomba na veranda, kilipangishwa kwa muuza simu.

Daktari Feng alipewa ghorofa ya nne ya jumba la mtaa wa pili. Aliondoka asubuhi yenye ukungu, na Daktari Sun, Swalha na Gharib wakamsindikiza, wamebeba mizani na katoni ya glavu. Njiani walimshika mkono mchukuzi aliyekohoa. Lifti ilipanda, ikasimama, milango ikafunguka. Mle ndani watu walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi, wamepangana vizuri ukuta hadi ukuta, na mwanamke wa mbele kabisa, mtoto mgongoni, akauliza kwa nini daktari amechelewa.