Renata wa Kampasi Zote

Mimi si mtu wa kukasirika ovyo. Muulize yeyote niliyefanya naye kazi juu ya minara ya upepo, halafu usimwamini atakachokujibu. Lakini siku ile pale Kearsley nilipandwa na hasira hadi kofia ikanibana kichwa, na mpaka leo sijui vizuri nilikuwa namkasirikia nani.

Mke wangu Renata alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: shahada yake. Alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi ya hapo Kearsley, yule anayewafunga watoto kamba za viatu na kuwafuta makamasi huku mwingine akiitwa mwalimu. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa anastaafu. Mwalimu mkuu akamwambia Renata waziwazi, darasa hili ni lako, watoto wanakupenda, mimi nakutaka, ila sheria ya jimbo hairuhusu bila shahada. Nitakushikia nafasi mwaka mmoja. Ukipita huo, basi tena.

Na Renata amesoma! Amesoma mpaka nikachoka mimi kwa niaba yake. Tatizo ni wapi. Kazi yangu ni kusimamisha minara ya upepo. Mlima ukijaa minara, tunafunga trela letu, ndiyo nyumba yetu, nyuma ya gari tunahamia mlima mwingine. Kila tulikohamia katika jimbo hili tulikuta Chuo Kikuu cha Jimbo kimeshatutangulia. Port Amery, ufukweni, kipo, vijana wanaingia darasani na ndala, mchanga miguuni. Bascom, kwenye mashamba ya lozi, kipo, kina ng'ombe wake na kinauza aiskrimu. Tolliver kipo pia, ndani ya kambi ya zamani ya jeshi. Mlangoni nembo ni ileile, mlima na jua. Mimi nikajua ni duka moja lenye matawi: kiatu umenunua Bascom, kimekubana, unakirudisha Tolliver, hakuna wa kukuuliza. Ndivyo nilivyomwambia Renata kila tulipohama, naye alikuwa ananitazama tu, anakunja madaftari yake.

Basi asubuhi ile nikaomba ruhusa kazini nimsindikize kampasi ya hapo Kearsley akamalize mambo yake. Kwanza maegesho. Tulizunguka kama tunaotafuta mbuzi aliyepotea.

"Hapo pa walimu, Hollis."

"Na hapa?"

"Pa walemavu."

"Na pale penye mstari wa kijani?"

"Pale sijui ni pa nani, lakini si petu."

Nikaegesha hapohapo pasipo petu. Dirisha la kwanza, kijana mmoja akabonyeza kompyuta, akafurahi kama amemwona shangazi yake. "Dada Renata, nakuona kwenye mfumo!"

"Unaona?" nikamwambia Renata. "Anakuona."

"Namwona," akasema yule kijana, "ila si mwanafunzi wetu. Nenda wanakopokea waliohama kutoka kampasi nyingine."

Ofisi hiyo wakasema Renata hajahama, maana hakuwahi kuomba kuhama, na somo analomalizia kwa kompyuta ni la Tolliver, hivyo waulizwe Tolliver. Tolliver tukawapigia. Wakasema ndiyo, wanamtambua, ila wao wamemwandikisha kwa somo moja tu kama mgeni, mwenyeji wake ni Bascom. Bascom wakasema alikuwa wa kwao, ila akiondoka mtu mihula miwili wanamfuta. Tukapigwa danadana hadi saa sita ikapita, nami sijatia hata kahawa mdomoni.

Nikasema ngoja. Kila kitu kina mwenyewe. Nikapiga simu makao makuu, mji mkuu wa jimbo, kwenye lile ghorofa la vioo anakokaa chansela. Akapokea mama mwenye sauti ya upole.

"Hapa hatuna wanafunzi, bwana."

"Chuo kikuu hakina wanafunzi?"

"Mfumo, yaani kampasi zote kwa pamoja, unao karibu nusu milioni. Ofisi hii haina hata mmoja."

"Sasa humo ndani mnafanya nini?"

"Tunasimamia mfumo."

"Mnamsimamia nani, kama wanafunzi hamna?"

"Kampasi, bwana. Na kila kampasi ina mkuu wake. Mwone mkuu wa kampasi."

Nikamwuliza chansela na mkuu wa kampasi nani mkubwa. Akasema inategemea jambo. Nikamwuliza na ile bodi ya wadhamini anayoiteua gavana je? Akasema hiyo ni kubwa kuliko wote, lakini haishughuliki na mtu mmoja mmoja. Nikakata simu kabla sijasema neno la kujutia. Haki ya Mungu sikuelewa kitu. Renata alikuwa amekaa kwenye benchi anakula mkate aliofunga kutoka nyumbani, ametulia tuli, kama vile shida ni yangu.

"Wewe huchukii?" nikamwuliza.

"Nilishachukia zamani," akasema. "Kula."

Mchana ndipo tukaonana na mshauri wa wanafunzi, Bi. Odegaard, mama mfupi mwenye bakuli la karoti mbichi mezani. Huyu alisikiliza. Akasoma masomo yote ya Renata, ya kila kampasi, taratibu, huku akitafuna. Halafu akainua uso akatabasamu.

"Dada Renata, masomo yako yanatosha shahada moja na nusu."

Nikapiga meza. "Si ndiyo hayo nimesema tangu asubuhi! Mpeni mtu haki yake twende zetu."

"Pole, bwana, bado. Nayakubali yote, silikatai hata moja. Ila shahada haitolewi na mfumo, inatolewa na kampasi. Na kila kampasi inataka mwaka wa mwisho usomwe kwake, mbele ya walimu wake. Mke wako ana mwaka wa kwanza mara nyingi, wa pili mara nyingi, wa tatu pia upo. Wa mwisho hajawahi kuumaliza popote."

"Kwa hiyo ni wa chuo gani?"

Akafikiri. "Wa mfumo."

"Mfumo hauna wanafunzi! Nimeambiwa leo kwa simu!"

"Hollis," Renata akanishika mkono. "Shusha sauti."

Nikashusha. Nikasema, tena kwa adabu, sawa mama, mwaka mmoja si kitu. Agosti tunahamia Cutter Pass, kuna mlima mpya, na pale Lindell karibu yake kuna Chuo Kikuu cha Jimbo, nimeshakiona kwenye ramani. Atausoma huko huo mwaka wa mwisho, kisha turudi aje achukue darasa lake.

"Anaweza," Bi. Odegaard akasema. "Ila Lindell wana orodha yao ya masomo ya ualimu, tofauti na yetu. Hayo yatakuwa miaka miwili, huenda zaidi. Akisoma hapa, mwaka ujao wakati kama huu amemaliza." Akavuta kibodi karibu. "Kwa hiyo mwaka ujao mtakuwa wapi?"

"Cutter Pass," nikasema.

"Hapa," akasema Renata.

Tulisema pamoja, sauti zikagongana mle chumbani. Bi. Odegaard akaangalia karoti zake. Mimi nikamgeukia mke wangu nikicheka, maana nilidhani amechanganyikiwa kwa uchovu, siku yenyewe ile. Hakuwa akicheka.

"Renata, kazi inaanza Agosti."

"Najua. Mkataba wako niliusoma kabla hujausaini."

"Sasa?"

"Sasa wewe nenda, una mlima wako. Sikufukuzi, Hollis. Mimi nabaki."

"Trela je?"

"Lichukue. Sitalihitaji."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimekasirika tangu asubuhi, mashine ilikuwa bado ya moto, lakini sikupata pa kuielekeza. Nikaona nimeogopa. Tumeoana mimi na huyu mwanamke tukiwa watoto, na sijawahi kufunga trela lile bila yeye kusimama nyuma ananionyesha kwa mkono, kushoto kidogo, haya, njoo.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu Februari."

Bi. Odegaard akauliza kwa sauti ndogo kama atupishe kidogo. Renata akasema hapana, tafadhali niandikishe, hapahapa, leo. Vidole vikaanza kugonga. Jina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Anwani ya nyumbani.

Renata hakutaja trela; akataja nyumba, kwenye mtaa wa hapo Kearsley ambao sikuwahi kuusikia. Bi. Odegaard hakulishika jina la mtaa vizuri, akamwomba arudie, nami nikainama mbele nikasikiliza, nisije nikausahau.