Sabuni Iliyofua Koti la Ntwari

Ntwari alipokuwa hoi kitandani alifanya jambo ambalo ndugu zake wa kijijini Keza hawakulitarajia. Alimwita Mzee Danstan, mkubwa wa ukoo, akalishika koti lake jeusi la sufu lililomfunika miguu, akasema mbele ya mashahidi: "Siku ya kumaliza matanga, hili avae Ineza."

Katika ukoo wao, anayevalishwa koti la marehemu ndiye anayekabidhiwa nyumba na shamba la migomba. Ineza alikuwa mtoto wa pekee wa Ntwari, tena binti. Nyandwi, mdogo wake Ntwari, aliinamia fimbo yake.

Ntwari akafa. Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, koti bado lilinuka ugonjwa, na kulifua ilikuwa kazi ya mjane kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, ninunue sabuni ya unga dukani," Ineza alisema. "Kwa mara hii tu."

"Ya dukani ya nini?" Eustakia alimjibu. "Miezi minane nimemfulia baba yako shuka kwa sabuni ya mikono yangu. Ningekuwa nanunua, dawa tungenunua na nini?"

Alisema kweli. Alikuwa akichoma maganda ya ndizi, anachuja maji ya majivu, anayapika na mawese hadi yanashikana. Sabuni yake ilikuwa laini na ya kahawia, lakini ilifua. Kipimo alirithi kwa mama yake: vikombe vitatu vya bati vya maji ya majivu kwa kimoja cha mafuta.

Wiki ile mvua ilinyesha mfululizo, majivu yote yakalowa. Mnadani akamkuta muuza kostiki, dawa ya kiwandani ya kupikia sabuni, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe.

"Haya ndiyo majivu ya kisasa, mama," muuzaji alisema huku akimfungia. "Ila ni makali. Weka kidogo."

Kidogo kiasi gani, hakusema. Eustakia naye hakuuliza. Mpika sabuni wa siku nyingi aulize mambo hayo kwa kijana wa mnadani? Nyumbani aliyeyusha kostiki yote katika maji, akapima kwa kikombe kilekile, vitatu kwa kimoja.

Sabuni ikawa ngumu siku ya pili, nyeupe pe. Aliijaribu kwanza kwenye shuka za pamba. Madoa ya damu yaliyomshinda miezi minane yakatoka yote. Viganja vilimwasha na kuchubuka, lakini alicheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

"Ineza, njoo uone! Hata masista hawalalii shuka kama hizi."

Asubuhi iliyotangulia siku yenyewe akaloweka koti katika maji ya moto na kipande kizima cha sabuni, akaenda kukata ndizi za wageni. Aliporudi alasiri, maji yalikuwa meusi, mazito kama uji. Alishika bega la koti alinyanyue. Bega likaja peke yake.

Akapapasa ndani ya beseni. Kila alipogusa palimeguka. Vilivyobaki vizima ni bitana ya pamba na vifungo vinne.

Kesho yake ukoo ulikaa uani. "Shikamoo, mzee," Eustakia alimwambia Danstan, akaweka miguuni pake ungo wenye mabaki ya koti, umefunikwa kitambaa. Nyandwi alifunua kitambaa, akainua ukosi, nao ukakatika mkononi mwake.

"Ni sabuni yangu," Eustakia alisema, akionyesha viganja vilivyochunika. "Mniadhibu mimi. Mtoto hana kosa."

"Shemeji, sabuni gani inayosamehe shuka ikala koti?" Nyandwi alielekeza fimbo kwenye kamba. Shuka zilikuwa zinapepea, nyeupe kuliko kitu chochote pale uani.

Eustakia aligeuka kuzitazama.

"Si sabuni. Ntwari mwenyewe amebadili neno lake," Mzee Danstan alisema taratibu.

Badala ya koti, wakaitoa kofia ya marehemu msumarini, wakamvisha Nyandwi.

"Kama kofia inatosha, kwa nini asiivae binti yangu?"

"Ntwari alitaja koti," mzee alijibu. "Kofia hakuitaja."

Mama na binti walipewa hadi mavuno ya maharage wawe wamehama. Ineza alikaa kizingitini, vifungo vinne kiganjani, hamtazami mama yake.

Watu walipoanza kutawanyika, Adventina, mke wa Nyandwi, alimfuata Eustakia jikoni.

"Dada, mambo ya wanaume hayo, mimi simo," alisema kwa sauti ya chini. "Shuka zako zimetakata kweli. Nikatie kipande."

Eustakia alichukua kisu, akakata.

"Usifulie sufu," alisema.

"Sufu!" Adventina alicheka, akikifunga kipande kwenye pindo la kitenge. "Sisi sufu tunaitoa wapi?"