Mkono wa Njano wa Goreti

Mwaka tisini na tano baraza langu la Temeke liligeuzwa ofisi ya huzuni. Sikuomba. Bwana Gozbert wa shirika la wakimbizi alikuja na mkoba wake wa ngozi, akasema wafadhili wanataka wanawake wa Burundi waliokimbilia Dar wadarizi maisha yao kwenye vitambaa, na kwamba ameulizia mtaa mzima akaambiwa hakuna fundi wa sindano kama mie. Hapo kwenye fundi hakukosea.

Basi kila siku baada ya adhuhuri wanawake saba wananijazia baraza. "Shikamoo Bi Somoe," saba kwa mpigo, halafu kimya, kila mtu na fremu yake. Mie nina sheria moja: kazi ya sindano huangaliwa kwa nyuma. Mbele hata mvivu atapendeza. Nikigeuza kitambaa nikakuta mafundo na nyuzi zinaning'inia, nafumua yote, ulie usilie.

Bwana Gozbert naye alikuwa na sheria yake. Kila Jumatano alipita nyuma ya migongo yao kama msimamizi wa mtihani.

"Huyu mbona anatabasamu?" aliuliza siku moja, kidole juu ya mtoto kwenye kitambaa cha Auleria, mmoja wa wale saba. "Mama, wewe mkimbizi. Ongeza machozi kidogo. Na huku pembeni tia moto. Wafadhili wanapenda moto."

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. "Baba, mtoto ni wake au wako? Unataka machozi, shika sindano udarizi ya kwako." Akanuna, akaandika kitu kwenye daftari. Mie nikajiona mtetezi wa wanyonge. Subirini tu.

Wenzake Auleria walidarizi nyumba, ng'ombe, barabara iliyojaa watu. Yeye tangu siku ya kwanza alidarizi kitu kimoja: binti yake Goreti, wa miaka minne, aliyemponyoka mkononi kwenye msongamano wa mpakani. Mtoto kasimama, kavaa gauni, basi. Alikuwa amesikia kwamba siku ya maonyesho ya vitambaa vyetu, huko Kurasini, atakuja nesi kutoka kambini Ngara, anayelea watoto waliookotwa bila wazazi. Picha ya mtoto hakuwa nayo hata moja. Kitambaa kile ndiyo picha yenyewe.

"Nesi akimwona, atamjua," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

Tatizo langu lilikuwa lile gauni. Mkono mmoja wa kijani, mwingine wa njano!

"Auleria, mikono hii vipi?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Ndivyo ilivyo! Nyuzi za kijani si hizi hapa, kopo zima? Siku hizi ruksa, Dubai wanatuletea mpaka rangi zisizo na majina."

"Ndivyo ilivyo," akarudia, akainamia fremu.

Nikasema moyoni, mbishi huyu. Litakalobandikwa ukutani Kurasini ni jina langu mwalimu wao. Watu watasema Bi Somoe kazeeka, rangi hazioni tena.

Siku ya kukabidhi kazi, Auleria alikwenda kupanga foleni ya kibali chake cha kuishi Dar, akaniachia kitambaa. Bwana Gozbert alikuwa anakuja kuvichukua saa kumi. Nikashika wembe, nikaufumua ule mkono wa njano, nikajaza kijani mbiombio. Mbele ilitoka mikono pacha, safi kabisa. Nyuma, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuangalia. Gozbert alipoondoka navyo nilijipongeza kwa chai ya tangawizi.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi mmoja Kurasini, malori ya makontena yakipita nje na kutikisa madirisha. Wafadhili walishika glasi za juisi na kuinamisha vichwa upande, kama inavyotakiwa mtu akitazama shida za wenzake. Auleria aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye kitambaa chake, akaziba mdomo kwa mkono.

"Umeona?" nikamnong'oneza mwenzake. "Furaha hiyo." Wallahi nilisema hivyo.

Nesi Kokushubila alikuwa mwanamke mnene, mpole, viatu bado vina vumbi la safari. Auleria akamvuta mpaka pale ukutani. Nesi akatazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa.

"Sura inafanana na mmoja wa watoto wetu. Lakini huyo wetu gauni lake lina mkono wa kijani na mkono wa njano. Tumempa nguo nzuri za mitumba, hataki kulivua. Wala hasemi, hata jina lake."

"Ni yeye!" Auleria akapiga kelele. "Kitambaa cha gauni kiliniishia, nikamalizia mkono wa njano! Ni Goreti!"

Nesi akamshika bega. "Mama, nikishaitaja alama, kila mtu huniambia ni yeye. Watoto wawili wamechukuliwa hivyo na watu wasio wao. Siku hizi lazima mzazi aitaje mwenyewe kwanza. Nisamehe sana."

Auleria akanigeukia. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Bwana Gozbert yupo. Wafadhili wapo. Wanawake wa mtaani niliowaalika waje wasome jina langu ukutani wapo, wamevaa doti mpya za kanga. Na mie, jamani, ni mtu wa kukiri kosa? Marehemu mume wangu Mwinjuma aliingoja samahani yangu miaka ishirini na mbili, akaenda kaburini bila kuiona.

Nikakibandua kitambaa ukutani.

"Bi Somoe, tafadhali, usiguse..." Gozbert akaanza.

"Hebu nyamaza, baba." Nikakigeuza.

Nyuma palikuwa aibu tupu. Mafundo, nyuzi zinaning'inia, kijani kimerukaruka, na chini ya kijani vipande vya njano vimekwama kila mahali vile wembe ulivyoviacha.

"Tazama, nesi," nikasema, ukumbi mzima usikie. "Njano aliiweka mwenyewe kabla wewe hujafika Dar. Nilimuuliza, akaniambia ndivyo ilivyo, nikamwona mjinga. Mie ndiye nimefumua. Uchafu huu ni wangu mie Somoe."

Nesi akapitisha kucha juu ya zile nyuzi, akavuta kipande kimoja cha njano, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Macho yakamjaa machozi.

"Jumatatu narudi Ngara," akamwambia Auleria. "Kibali cha safari nitakifuatilia mwenyewe. Twende wote."

Auleria alininyang'anya kitambaa, akakaa chini sakafuni katikati ya viatu vya wafadhili, akaomba wembe. Bwana Gozbert akaninong'oneza kwamba kuna mzungu anakitaka kitambaa hicho, akitundike sebuleni kwake. Nikamwambia amtafutie mzungu wake kingine, chenye moto.

Nikakaa chini karibu na Auleria, magoti yakilia, nikamtungia sindano uzi wa njano. Alishona huku analia, haraka, bila fremu. Alipomaliza nikakigeuza kwa mazoea. Mafundo matupu.

Nikamrudishia vilevile.