Vinasaba vya Shangazi

Kliniki, hapa Kilolo, waliniambia mafua yangu si yangu peke yangu: huenda vipande vya vinasaba vya virusi vikamfikia mtoto tumboni, akaanza kuvizoea kabla hajazaliwa.

Nikamsimulia wifi yangu Devota. Akalidaka neno moja tu.

"Vinasaba si ndio ukoo? Kumbe mtoto wa kaka yangu ana ukoo mwingine! Nyie Wasukuma, utani gani huu?"

"Mhehe wewe, ni virusi vya mafua!"

"Mafua ya nani?"

"Ya yule aliyekuja juzi anakohoa, akanywa chai kwenye kikombe changu."

Devota akatazama pembeni, akapiga chafya. Mtoto akanipiga teke.

Nikapapasa tumbo. "Tulia, mwanangu. Ni shangazi. Si mmeshajuana?"